Andiko la Tatu na Nyasi za Safu ya Juu

Skola mwanangu,

Umetoka asubuhi kwenda kurudisha vitabu na funguo za chuo, ukasema utarudi jioni. Kesho saa kama hizi utakuwa unajiandaa kwenda uwanja wa ndege. Mimi nimekaa hapa sebuleni kwa baba yako mdogo Lukasi, na kalamu niliyoazima kwa mkewe. Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana. Mara zote mbili nilianza na mambo ya baridi na sweta, nikaona ninakimbia. Sweta unalo. Mambo ya kula na kulala huko utayajua mwenyewe, wewe si mtoto, na mimi huko sijafika hata kwa ndoto.

Ninataka kuandika juu ya Jumapili, uliponiuliza swali nami nikakujibu vibaya. Ukirudi nitakupa karatasi hizi mkononi, halafu nitatoka nikazunguke huko mitaani mpaka umalize kusoma. Usinifuate. Miguu yangu leo haitaki kukaa, na mdomo wangu unanijua: nikikuangalia usoni nitaanza tena habari za sweta.

Nianze na ile orodha yako. Bado ninayo, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha kazi. Juu umepiga chapa kwa Kiingereza majina ya maandiko yako ya utafiti, majina marefu ambayo ulimi wangu hauyawezi, na jina la jarida, na mwaka. Chini ya kila moja ukaniandikia kwa mkono, kwa Kiswahili, ili nami nielewe unachofanya. Maandiko manne, na la tano uliliongeza baadaye kwa wino mwingine. Mwanzoni kabisa uliandika kwamba elimu yako inaitwa ugumu wa ukokotoaji, ukaniwekea mfano wa katekista. Katekista ana vigango kumi na viwili, vile vikanisa vya vijijini, vya kutembelea. Kati ya vigango vingine njia ipo, kati ya vingine haipo. Je, anaweza kuvipitia vyote, kila kimoja mara moja tu, bila kurudia? Mtu akikuletea ratiba iliyokwisha pangwa, unaikagua kwa muda wa kumaliza kikombe cha uji. Kuitafuta ratiba yenyewe, vigango vikiwa mia, kunaweza kukuzeesha. Na hakuna mtu duniani, uliniandikia, anayejua kwa hakika kama kutafuta ni kugumu kweli kuliko kukagua, au ni sisi tu bado hatujaiona njia.

Nimekata mkonge kule Tanga na mfano huo kichwani kwa miezi. Mimi niliyeishia darasa la nne, ambaye kambini naheshimiwa kwa sababu ninawaandikia wenzangu barua za kwao, nilifurahi kwamba kuna swali ambalo hata maprofesa hawalijui na mimi ninalielewa. Siku moja niliwaonyesha wenzangu karatasi yako wakati wa mapumziko. Nyapara wetu ni Mdigo mmoja mcheshi sana, na kule watu wote wa kusini tunaitwa Wangoni. Akasoma yale maelezo ya andiko la tatu, akanirudishia.

“Yaani binti wa Mngoni amekaa darasani miaka yote hii ili athibitishe kwamba jambo haliwezekani?”

“Ndiyo,” nikasema.

“Angekuja hapa kambini, tungemwambia bure.”

Watu walicheka mpaka kengele ikalia. Nilicheka nao, na nilijisikia mtu mkubwa.

Andiko la tatu ndilo lililokupa jina, hilo ninalijua. Uliniandikia chini yake: “Hapa ninaonyesha kwamba aina moja ya mashine, yenye kumbukumbu ndogo, haiwezi kulimaliza swali la namna hii kwa njia ya mkato, hata aje nani.” La nne umeliegemeza juu ya la tatu. La tano limesimama peke yake, na la kwanza na la pili ni ya ujana wako, ulisema mwenyewe, unayapenda lakini huyaringii. Ile barua ya chuo cha huko unakokwenda, uliponitafsiria, ilitaja andiko la tatu mara mbili. Kwa hiyo kiti ulichopewa kimekaa juu ya andiko la tatu. Sote wawili tunajua.

Sasa Jumapili. Ulikuwa umerudi kutoka Lituhi, kule ziwani, kumuaga mama yako, na ule mfuko wa usipa, dagaa wa ziwa, aliokupa. Tulikuwa nyuma ya nyumba, mimi ninachambua usipa, wewe umekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Ukasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza chumvi iko wapi, “Baba, andiko la tatu halijathibitika.”

Ukanieleza. Ulikuwa unaandaa somo la wanafunzi wako, ukafika mahali ulipokuwa umeandika zamani “ni wazi kwamba”, ukaona si wazi hata kidogo. Kuna hali moja inapenya hapo katikati ambayo hukuishughulikia. Umejaribu kuiziba kwa miezi minne, haizibiki. Labda jambo lenyewe ni kweli, labda si kweli. Ila wewe hukulithibitisha, na uliwaambia watu umelithibitisha. Wale wakaguzi wawili wa jarida, ambao majina yao hufichwa, walisoma wakapitisha. Hakuna aliyeona. Ukaniambia pia kwamba kuna mwanafunzi mmoja wa nchi ya mbali, hata humjui sura, ambaye ameanza kujenga kazi yake juu ya andiko hilo. Hilo ulilisema haraka, ukaliruka.

Halafu ukasema kwamba ulimweleza mama yako pia, kwa kadiri alivyoweza kukuelewa, na kwamba aligeuza usipa juu ya uchanja, kisha akasema: “Kamuulize baba yako. Yeye analijua hilo.”

Wewe ulicheka. Ulisema, “Mama anadhani kule Tanga umesomea mashine.” Mimi nami nikacheka. Nilicheka, Skola, huku ninajua kwamba mama yako hakuwa anazungumza habari za mashine.

Nikakujibu. Nayaandika maneno yangu hapa yalivyokuwa, nisiyapunguze: “Nyamaza kwanza, mwanangu. Fika. Ukishakaa, ukishajulikana, utatafuta namna ya kulirekebisha taratibu. Nani atachimbua?”

Ukasema, “Sawa, baba.” Ukanyanyuka ukaingia ndani.

Hiyo “sawa” ndiyo imenikosesha kukaa tangu Jumapili. Niliwahi kuisikia mahali pengine.

Nimesimama sasa hivi nikaenda mpaka getini nikarudi. Mke wa Lukasi ameniuliza, “Shemeji, unasubiri mgeni?” Nikamwambia kalamu haishiki. Amenipa nyingine. Kwa hiyo wino ukibadilika hapa usishangae.

Wewe ngoro, kilimo chetu sisi Wamatengo cha mashimo mlimani, unaijua, lakini uliijua kwa macho ya mtoto, na mapema ukaenda bweni. Acha nikueleze kama ulivyonieleza mimi mashine. Mlima wetu umesimama kama ukuta. Ukilima matuta ya kawaida, mvua mbili zinashusha shamba lote mtoni. Kwa hiyo sisi kwanza tunafyeka nyasi, tunaziacha zinyauke, halafu tunazipanga juu ya ardhi kwa mistari, ya kushuka na ya kukata, mpaka mlima wote unaonekana una vyumba vya mraba. Hiyo ni kazi ya mwanamume. Baada ya hapo mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Katikati panabaki shimo, pembeni panakuwa tuta, na maharage yanapandwa juu ya tuta. Maji ya mvua yanaingia shimoni yanatulia. Nyasi zilizofukiwa ndizo zinazoshika tuta lisivunjike. Ukiisha kufukia, hakuna mtu anayeziona tena. Ngoro yenye nyasi nyingi na ngoro yenye nyasi kiduchu, kwa nje ni sawasawa. Na safu ya juu ikivunjika, maji yake yanashukia ya pili, ya pili inashukia ya tatu, mpaka shamba la mtu wa chini.

Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara ilipoingia. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakaanza kuwa na sabuni, betri na mafuta ya kupaka, na marobota ya mitumba yakafika mpaka Kitai. Wewe ulikuwa darasa la pili. Mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa mlima. Nilipata kazi ya kushusha marobota Kitai, na siku robota likifunguliwa nilikuwa wa kwanza kuchagua mashati, ninayachukua kuyauza vijijini. Nilijiona nimeamka, na wenzangu waliobaki na mundu niliwaona wamelala. Nilikuwa na shati la mistari la kijani ambalo sikulivua hata kwa kulala.

Mwaka huo nilifyeka nyasi za kutosha safu za chini tu. Zile za juu kabisa, karibu na msitu, nilizibakiza kwa sababu lori lilikuwa linafika kesho yake na nilitaka kuwahi. Nikachukua nyasi kidogo nikapanga mistari ya kushuka peke yake, ya kukata nikaiacha. Mama yako alipofika na jembe akasimama juu ya safu ile, akaniita.

“Baba Skola, hapa mbona nyasi hazifiki?”

“Zinatosha. Fukia.”

Akaniangalia. Yeye ni mtoto wa Lituhi, wa watu wa nyavu na mitumbwi, ngoro aliifundishwa na mama yangu akiwa tayari mke wangu, na mama yangu alimfundisha kwa kumsimanga. Hakuwa na hakika ya jicho lake mwenyewe. Akasema, “Sawa.” Akafukia, na alifukia vizuri. Mimi nikaondoka kwenda Kitai na shati langu la kijani.

Machi mvua ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Safu ya juu ilivunjika, ikazipasua zilizo chini yake, na tope lote likaenda kulala juu ya maharage ya Mama Fidea, yule mjane aliyelima chini yetu. Maharage yalikuwa yametoa maua. Asubuhi hukuona shamba, uliona ukuta laini wa udongo na ncha za majani.

Jioni ya siku ya pili tulikaa sengu, wanaume wa ukoo, kama kawaida, chakula kimoja na mazungumzo. Baba yangu mkubwa hakuzungusha maneno. Aliuliza mbele ya wote, “Safu ya juu alifukia nani?”

Swali lilikuwa hilo. Hakuuliza nani alipanga nyasi, maana hakuna Mmatengo mwenye akili anayepanga safu ya juu bila mistari ya kukata. Haikumjia kichwani kuuliza. Kwake ilikuwa wazi.

Nikajibu, “Mke wangu.”

Nilisema kweli, Skola. Neno kwa neno ni kweli. Ukilipeleka kwa wakaguzi wako wawili watalipitisha. Na mama yako wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya kunawa, ameleta chakula. Alisikia swali na alisikia jibu. Akaingia, akapiga goti, akaanza kuwanawisha watu mmoja mmoja kwa umri. Alipofika kwangu akanimiminia maji mikononi polepole, kama anavyowamiminia wengine, hakunipunguzia wala hakunimwagia. Alikuwa ananipa nafasi. Nilikuwa na muda wote ule wa kunawa mikono miwili wa kufungua mdomo. Nikanawa, nikakung'uta, nikala.

Bibi yako ndiye aliyelibeba neno likatembea. “Mwanamke mmemtoa majini, mnampa mlima. Mlitegemea nini?” Watu walicheka kisimani. Mama yako aliamriwa amlimie upya Mama Fidea, na akamlimia, wiki tatu, peke yake. Mimi nilikuwa Kitai. Na wewe, sijui kama unakumbuka, ulirudi shule siku moja ukamwambia mama yako jikoni, “Mama, ni kweli wewe hujui ngoro?” Niliyasikia hayo nikiwa nje nafunga viatu. Akakujibu, “Ndiyo wanavyosema.” Hakusema zaidi ya hapo. Mtoto wake mwenyewe, na hakunitaja. Nikamaliza kufunga viatu.

Mwaka uliofuata mama yake mzazi akaugua kule Lituhi, mama yako akaenda kumuuguza, na hakurudi. Wewe ulidhani ni kwa ajili ya mgonjwa, baadaye ukadhani ni dini, kwamba yeye Mwanglikana alichoshwa na Wakatoliki wa milimani. Nilikuacha udhani. Nilimfuata mara moja tu. Alikuwa anashona wavu nje kwa kaka yake. Hakunigombeza. Alisema, “Hapa wavu ukitoboka kila mtu anaona tundu. Nimeamua kukaa ambapo tundu linaonekana.” Nilirudi mlimani na maneno hayo, na kwa miaka mingi niliyaeleza kwa watu kama mfano wa kiburi cha Wanyasa wa ziwani.

Ninataka ujue jambo moja ambalo nilidhani limenisafisha. Msimu uliofuata nilirudi kwenye ile safu ya juu. Nilifyeka nyasi mara mbili ya kawaida, nikapanga mistari yote, ya kushuka na ya kukata, nikamwomba shangazi yako afukie. Haijavunjika mpaka leo. Nilisimama juu yake nikajiambia, basi, imekwisha, nimerekebisha. Ndiyo maana Jumapili ulimi wangu ulikuwa mwepesi kukuambia urekebishe taratibu. Nilikuwa ninakupa dawa niliyoinywa mwenyewe. Lakini ngoro ilipona, mama yako hakupona jina. Mpaka leo ukipita kijijini ukitaja safu ile, watu watakuambia hapo ndipo yule mwanamke wa ziwani alipoharibu. Nilitengeneza udongo nikaacha neno lilivyo.

Na mimi mwenyewe nikawa mtu wa kuondoka. Mitumba ya Kitai ilinishinda, nikaenda Songea. Songea nikabeba mizigo stendi, nikaondoka. Nikaja Tanga kwenye mkonge. Watu huniuliza kwa nini Mmatengo mwenye mlima wake anakata mkonge wa watu, na ninawajibu kwamba kahawa imekuwa ngumu, ushirika umeyumba, wanunuzi wapya wanakuja na kupotea. Yote hayo ni kweli. Nimekuwa fundi wa majibu ya kweli. Ila kila mahali nilipokaa, nilipoanza kuzoeana na watu na mtu akaniuliza mke wangu yuko wapi, ndani ya miezi michache nilikuwa nimefunga mzigo. Sasa mgongo umekwisha, mikono imejaa makovu ya miiba, na nikihesabu ni mara chache sana nimeondoka kwa sababu ya shida tu.

Unaona basi mama yako alikutuma kuniuliza nini. Miaka yote hii amenyamaza, na swali lako lilipomfikia, la mashine ambazo yeye hazijui, alilitambua. Angeweza kukujibu mwenyewe, analijua jibu kuliko mimi. Akakutuma kwangu na bakuli lile lile la maji, kwa mkono wako wewe, na mimi nikanawa tena.

Sasa ninajibu upya. Kesho asubuhi, kabla ya mambo ya mizigo, nenda kwenye vile vibanda vya intaneti, mwandikie mwenye jarida. Mwambie mstari gani, na hali gani inapenya, kama ulivyonieleza mimi kwenye ndoo. Mwandikie na yule mwanafunzi wa nchi ya mbali. Yeye ndiye aliye chini yako mlimani, na maharage yake yako kwenye maua. Na waandikie hao unaokwenda kwao, kabla hujapanda ndege, wasikie kwako.

Sikuambii kwamba watakupongeza. Sijui watu hao. Wanaweza kusema ahsante kwa ukweli, wanaweza kusema rudi ulikotoka. Nimewaza hili tangu Jumapili, maana sijatamani kitu katika maisha yangu kama ninavyotamani kukuona unapanda ndege hiyo. Kama ningekuwa na namna ya kulibeba andiko la tatu mimi, nikaenda nikasimama mbele yao nikasema nyasi zilikuwa chache, ningelibeba. Lakini jina lililoandikwa pale ni lako peke yako. Wakikufutia safari, orodha yako itabaki na maandiko matatu, mawili ya ujana na la tano, na mimi nitaichukua hiyo yenye matatu nimtumie nyapara kwa posta. Najua atakachosema. Atasema Mngoni amepungukiwa. Acha aseme.

Na usidhani ninakutanguliza wewe kwenye baridi mimi nikabaki nimejifunika. Nilimwambia Lukasi jana, na amenishangaa: sirudi Tanga. Kesho ukiisha kuingia ndani kwenye ile milango ya kioo, mimi ninakwenda stendi ninalala huko, na alfajiri ninapanda basi la Songea. Nitakwenda kwanza nyumbani. Baba yangu mkubwa amekwisha kufa, bibi yako naye hayupo, na nimejiuliza sana kama kuna maana kuwaambia watoto wao. Ninaona ipo, kwa sababu neno halikufa nao. Nitaomba tukae sengu, na nitalijibu lile swali ambalo halikuulizwa. Mama Fidea yu hai, haoni vizuri tena. Kwake nitakwenda kabla ya sengu.

Kutoka hapo nitashuka Kitai, nipite kijiji cha Ruanda, mpaka Lituhi. Sijui kama mama yako atanikaribisha ndani au atanisikiliza nje. Sina ninachomwomba. Sitamwambia arudi, na sitamwambia mimi ni mzee. Lakini ninamjua. Kabla salamu hazijaisha, kabla sijapata pa kukaa, ataniuliza juu yako. Ataniuliza: “Mtoto nilimtuma kwako na swali. Ulimjibu nini?”

Nitamwambia nilikujibu mara mbili, na nitamwambia majibu yote mawili.

Ninasikia geti. Sauti ni yako, unamsalimia mke wa Lukasi. Nimeacha nafasi chini ya karatasi hii kwa makusudi, kama utataka kuandika chochote nimpelekee mama yako. Ukimaliza kusoma unirudishie; usipoandika, nitaipeleka hivi hivi.

Baba yako,
Kasiani